Gari Si Nyumba

Siku ile tulikuwa watu sita, na nitawataja wote isipokuwa mmoja. Alikuwepo Awuor, binti wa pekee wa Fundi wa Rangi, ameketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake. Alikuwepo Ouma, mume wa Awuor, anayesafirisha samaki kutoka Luanda Kotieno. Lakini yeye alisimama nje, dirishani, kwa sababu kwetu Waluo mkwe hakaribii kitanda cha baba mkwe. Alikuwepo Mzee Okelo, binamu yake Fundi, ndiye aliyebaki mkubwa katika ukoo wao na neno lake lilisikizwa. Alikuwepo Nafula, mwalimu wa kompyuta kule Maseno, Mluhya, hana undugu na yeyote kati yetu, kazi tu ndiyo ilimleta. Nilikuwepo mimi, jirani wa mlango wa pili, ambaye watu huniita Min Akoth, yaani mama yake Akoth. Wa sita ni mwenyewe, Fundi wa Rangi, ameegemea mito miwili kitandani.

Swali lilikuwa moja: je, gari ni nyumba? Ukitaka kucheka, ngoja kwanza. Jibu la swali hilo ndilo lingeamua kama Fundi atatoka katika kile chumba, au atakaa humo akihesabu misumari ya dari mpaka siku yake ifike.

Jina lake nalijua. La baba yake pia nalijua, na la mbwa wao. Lakini mtu huyu aliandika majina ya wengine kwenye magari maisha yake yote, na lake hakuliandika popote, hata kwenye kopo la rangi. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Min Akoth, anayesafiri ndiye huandikwa. Mimi nabaki." Basi nami sitaliandika.

Karakana yake ilikuwa hapa Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi: mabati manne, ngazi moja, na rundo la magazeti ya zamani. Magazeti yalikuwa ya kufunika vioo na taa kabla ya kupiga rangi. Aliyabandika polepole kama mtu anayemfunga mtoto nepi, na ukimharakisha alikuambia, "Rangi ikiingia kwenye macho ya gari, utaniletea daktari?"

Alikuwa na sheria moja: hapaki magari mawili sawasawa. Walikuja Opiyo na Odongo, mapacha wa yule mama aliyekuwa akiuza viazi karibu na daraja, wamenunua malori mawili ya mchanga, wote wanataka bluu na mstari mweupe. Fundi akakataa.

"Mama yenu aliwapa majina mawili au moja?" akawauliza.

"Mawili, lakini sisi tunataka hivyo, Fundi."

"Basi tafuteni fundi mwingine awatie rangi ya ndoo moja."

Walinung'unika, wakaondoka, wakarudi siku ya tatu. Lori la Opiyo lilipata ndege kanga kwenye mlango, na la Odongo likapata korongo mwenye taji. Mpaka leo watu wa Ahero wakiona kanga anakuja wanasema Opiyo huyo, na wanaanza kupakua kabla hajasimama.

Alisoma gari kama mimi ninavyosoma uso wa mtu. La samaki, alisema, huliwa na kutu kuanzia chini, kwa sababu ya barafu inayoyeyuka njiani. La miwa huchanwa mbavuni. La mwalimu huchubuka dirishani kwa dereva, kwa sababu mwalimu hutoa kiwiko nje akifikiria maswali ya mtihani. Na kila gari lina tope la kwao: tope jeusi limetoka bonde la Nyando, tope jekundu limetoka Maseno, na lile la kijivu lenye vipande vya magamba limetoka ufukweni. Mteja akimdanganya kwamba gari halijaenda mbali, Fundi aliinama kwenye madigadi, akakwangua kidogo kwa ukucha, akamwambia, "Hapa pana Maseno. Ulienda kumwona nani?" Siku moja swali hilo lilimfanya Jakobo fundi bomba alale kwa dada yake wiki nzima, maana mkewe alikuwa amesimama pale pale.

Hasira yake nayo ilikuwa ya ajabu. Rangi aliingoja ikauke wiki mbili bila neno, lakini chai ikichelewa kupoa aliigombeza. Aliwaandikia madereva maneno makubwa makubwa, "Sijali Maneno", "Simba wa Barabara", na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa aibu, akiitwa mbele kanisani masikio yanawaka. Na jambo lililowashangaza wote: hakujua kuendesha gari. Mamia yalipita mikononi mwake na hata moja hakulitoa karakana kwa mkono wake. Alisukuma tu, akasimama na kitambaa, akaliangalia likienda.

Alianguka kutoka kwenye ile ngazi akimalizia taji la ndege kwenye basi la shule. Alianguka kwa mgongo. Miguu haikuamka tena.

Sasa nieleze kile chumba, maana bila hicho hutaelewa. Kilikuwa cha tatu kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, dirisha moja, mlango mmoja mwembamba. Kanisa lilimletea kiti cha magurudumu. Kikaingia kimekunjwa, tukashangilia, tukakifungua, tukamkalisha, na ndipo tukagundua kwamba kikiwa wazi ni kipana kuliko mlango. Mwenye ploti akasema ukuta wake haubomolewi. Kubebwa Fundi alikataa. Walimbeba mara moja tu, siku ya hospitali, na watoto wa jirani wakamfuata wakiimba kama wanavyofuata mzigo wa harusi. Aliporudi aliapa: "Mimi si gunia. Sibebwi tena."

Kwao hakukuwa na mahali. Maji ya ziwa yalipanda yakachukua boma lao lote. Okelo mwenyewe alihamia nyuma ya kanisa letu. Awuor alilia kila alipokuja: "Baba, njoo kwetu Luanda Kotieno, uwanja ni mpana, utaona ziwa." Lakini kwetu mzazi halali katika nyumba ya binti aliyeolewa. Ni mwiko, na mwiko ukivunjwa haumpati mzee aliyeuvunja, unawapata watoto wa ile nyumba. Awuor alikuwa tayari. Fundi hakuwa. "Nitoke humu kwa kuwatia wajukuu wangu hatarini?" Alikuwa hajawashika hata mara moja. Basi alikaa. Miaka mitatu aliangalia ukuta wa mwenye ploti, na mimi nikimpelekea uji kila asubuhi nilimkuta ameangalia upande ule ule.

Ouma ndiye aliyeleta ile mashine ya gemu. Aliipitishia dirishani, akageuza uso pembeni kwa heshima, akasema, "Baba, hii ina mji ndani. Una barabara. Utaendesha." Kifaa kile kinaunganishwa kwenye televisheni, na unashika padi kwa mikono miwili, unabonyeza kwa vidole gumba.

Nilidhani ataitupa. Kesho yake nilimkuta ametoka jasho.

"Min Akoth, kaa hapa uone upuuzi. Ona hii gari nyekundu inapita."

"Naiona."

"Ngoja." Tukangoja. "Haya, ona. Imepita tena. Na ile pale kwenye taa? Ni ile ile! Mji mzima una magari labda thelathini, mengine yote ni kubadilisha rangi tu. Hakuna yenye mlango wa kuazima. Hakuna hata mmoja aliyefunga bampa kwa waya!"

Lililomuudhi zaidi ni hili. Aligonga gari la watu kwenye kona, kwa kuwa hakujua kuendesha, likabonyea. Akaenda mbele kidogo, akarudi kuomba msamaha, akalikuta zima, linang'aa.

"Nani amelinyoosha?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye. "Nimegeuka tu! Kuna fundi gani wa namna hiyo?"

Mvua ilinyesha kule ndani na magari hayakushika tope. Jua likawaka na rangi haikupauka. Alilaani wiki mbili. Halafu siku moja aligundua kuna karakana kule ndani, unaingiza gari, unachagua rangi, rimu, taa, kioo cheusi, michoro ya ubavuni, mpaka namba ya mbele. Na rangi inakauka papo hapo, bila msasa, bila gazeti hata moja. Alipaka pikapu moja kuanzia asubuhi mpaka nikaja na chakula cha mchana, na sikusikia akigombeza chai.

Nafula alitupata kupitia lori la baba yake. Lilipakwa na Fundi yeye akiwa mtoto, na alisema hajawahi kulisahau lile jicho la chui juu ya gurudumu la nyuma. Alikuwa akitengeneza gemu na wanafunzi wake kule Maseno, mji wenye ziwa kama huu wetu.

"Mzee," alisema, akiwa amekaa kwenye kiti kile cha magurudumu maana hakukuwa na kingine, "kila mtu anayeijaribu ananiambia magari yangu yote ni mapacha."

"Hata mapacha wana kanga na korongo," Fundi akajibu, na ilibidi nimweleze mwalimu habari ya Opiyo na Odongo.

Akamwachia bamba la kioo la kuchorea, na kalamu yake. Kazi ikaanza, na hapo ndipo mimi niliingia. Fundi alikumbuka rangi. Majina hakuyakumbuka, na bila jina mkono wake haukuenda. Alikuwa akifumba macho na kuuliza: "Ile pikapu ya kijani, mlango wa kushoto mweupe?"

"Ya Nyangweso, muuza vitanda. Mlango aliununua kwa Shem wa milango."

"Eeh! Na alikuwa mnene, gari ililala upande wa dereva."

"Mnene sana. Na mkewe Perez alikuwa akikaa nyuma na mzigo, si mbele."

Basi akalichora limelala upande, na kwenye sanduku la nyuma akaweka mto mdogo wa Perez. Nafula alipouona alishika kichwa. "Mzee, mchezaji atapita hapo kwa sekunde moja. Nani atauona mto?"

"Perez," akasema Fundi.

Alimtaka afanye matope mawili, jeusi na jekundu, kulingana na barabara gari ilikotoka. Nafula akasema ni kazi kubwa. Fundi akaweka kalamu chini akageukia ukutani. Matope mawili yakafanywa. Baadaye akadai la tatu, la kijivu, la ufukweni. Likafanywa pia. Kwa majina yangu na rangi zake tulirudisha barabarani magari themanini na kitu, na wenye magari wengi wao wako makaburini.

Lakini siku Nafula alipoleta ule mji umeunganishwa, Fundi akiwa na padi mkononi, aliendesha moja kwa moja kuelekea ziwani. Alifuata barabara ya ufukweni, akapita vibanda vya samaki, akaendelea. Ghafla gari likageuka lenyewe. Akalirudisha. Likageuka tena. Mbele barabara ilionekana, na vilima vilionekana, lakini gari halikuenda.

"Imeharibika," akasema.

"Hapana, Mzee. Ni mwisho wa ramani. Vile vilima ni picha tu. Na zile nyumba pia, milango yake imechorwa, haifunguki."

"Zote?"

"Zote."

Aliiweka padi juu ya blanketi. "Mwalimu, mimi nilidhani ni huku tu," akasema, na akagonga ukuta wa mwenye ploti kwa kifundo cha kidole. Nafula alilia mbele yetu, mtu mzima na digrii zake. Na ndiye aliyempigia Awuor simu na kusema lazima ipatikane njia.

Ndivyo tulivyofika siku ya watu sita. Ouma alikuwa na basi dogo la zamani, lililobeba omena, wale dagaa wa ziwani, mpaka injini ikafa. Liko uwanjani kwake, matairi mazima, milango inafunguka, na mlango wake wa pembeni ni mpana kuliko kile kiti. Fikira ilikuwa yake, lakini kwa heshima alimwambia mkewe, mkewe akasema.

"Baba hatalala nyumbani kwetu," Awuor akasema. "Atalala ndani ya gari."

Okelo alikuwa mtu wa kuuliza polepole. "Litakuwa na kitanda?"

"Ndiyo, Baba Okelo."

"Na paa lipo. Na mlango upo. Sasa hiyo na nyumba zina tofauti gani?"

Kutoka dirishani Ouma akakohoa. "Baba, lina magurudumu."

"Hata mkokoteni una magurudumu. Linatembea?"

"Likisukumwa."

Ndipo Fundi akasema, akiangalia dari. "Okelo, nimeendesha gari katika mji ambao hakuna nyumba inayofunguka. Nyumba zote ni ukuta uliopakwa rangi. Mtu wa kule anaishi wapi? Anaishi garini. Na hakuna aliyemwambia amekosea."

Okelo alifikiri muda mrefu mpaka Awuor akaanza kukunja na kukunjua leso. Kisha akatoa hukumu. Gari ni gari likitembea. Likikaa mahali pamoja, ni nyumba. Kwa hiyo kila mwezi mpya lisukumwe hatua kumi, na mtu aone. Jiko lisiingie ndani. "Na siku nitakayosikia limekaa," akasema, "unarudi hapa Nyamasaria, binamu. Si kwa ubaya. Kwa ajili ya wale watoto."

Siku ya kutoka, Fundi alikubali kubebwa mara hiyo moja. Aliniomba gazeti. Nikampa, akajifunika uso nalo, na wanaume wawili wa ploti wakampitisha mlangoni. Watoto hawakuimba. Nadhani waliogopa lile gazeti.

Mwaka mmoja baadaye Okelo, ambaye macho yake yalikuwa yamefunga na hangeweza safari, aliniita baada ya ibada. "Min Akoth, nenda Luanda Kotieno. Nasikia Ouma siku hizi yuko Mbita wiki nzima, nani anasukuma? Wewe husahau kitu na husemi uongo. Uniletee neno."

Nilikwenda na magoti yangu mabaya. Basi lilikuwa pale, mlango wazi kuelekea ziwani, na kivuko cha Mbita kilikuwa kinaingia. Fundi alikuwa ndani kwenye kiti chake, mjukuu mdogo, Apiyo, amelala kwenye mapaja yasiyohisi uzito. Basi lilipakwa rangi nusu ya chini tu, mpaka pale mkono wake ulipofika akiwa amekaa. Juu lilibaki bati tupu. Chini kulikuwa na kanga, korongo, jicho la chui, mlango mweupe wa Nyangweso, mto wa Perez.

Nikazunguka nyuma. Matairi yalikuwa yamezama mpaka nusu. Nyasi zimeota kati ya spoki za gurudumu la kushoto na kuku ametaga hapo, mayai manne.

Na kwenye madigadi kulikuwa na tope. Lilikuwa bichi, limerushwa kwa kasi kwenda nyuma, kama la gari lililokimbia wakati wa mvua. Nikaligusa. Lilikuwa kavu, laini. Lilikuwa rangi.

"Umeliona tope?" akaniuliza kutoka ndani, bila kugeuka.

"Nimeliona, Fundi."

"Okelo amekutuma."

"Amenituma."

Kivuko kikapiga honi. Apiyo akajigeuza, akamshika kidole kilichokuwa na rangi. "Naliongeza kila mwezi mpya," akasema. "Ouma alipokuwepo lilisukumwa. Mvua ndefu ilipokuja likashika. Nikasema nikingoja likwamuliwe, Okelo atasikia kwanza."

Ningeweza kuondoka hapo. Lakini mimi nimemsikiliza yule mtu miaka mitatu akitaja rangi, na lile tope halikuwa la kijivu la ufukweni. Lilikuwa jekundu. Hakuna tope jekundu pale. Kama mtu yeyote mwenye macho angeinama kwenye madigadi, angejua limedanganya.

"Fundi," nikamwambia, "hapa pana Maseno."

Akacheka mpaka mtoto akaamka. "Najua," akasema. "Nilitaka kupaka la hapa. Mkono ukakataa. Basi kama gari inasafiri, Min Akoth, isafiri kidogo tu?"

Nilirudi Nyamasaria. Okelo alikuwa amekaa nje nyuma ya kanisa, anangoja, mikono juu ya fimbo.

"Ulilikuta wapi?"

"Uwanjani kwa Ouma."

"Lina dalili ya kutembea?"

"Lina tope mpaka juu ya madigadi."

Aligeuza uso wake kwangu kana kwamba ananiona. Naye alishinda miaka mingi kwenye karakana ile, alijua kuuliza. "Tope la rangi gani?"

"La kijivu," nikasema.

Okelo ametangulia, na Fundi akamfuata, alfajiri, mlango ukiwa wazi kwa ziwa. Hakurudi katika kile chumba. Watoto wa Awuor wote wazima, Apiyo yuko darasa la nne. Ndiyo maana sasa naandika. Majina nimeyataja kama ninavyoyakumbuka: Awuor, Ouma, Okelo, Nafula, Opiyo na Odongo, Jakobo, Nyangweso na Perez wake, Shem wa milango. Kama kanga alikuwa wa Odongo na korongo wa Opiyo, mnisahihishe. Kama mayai ya kuku yalikuwa matano, mnisahihishe. Lile tope lilikuwa jekundu.